Ukilitunza Lambo, Usilifagie: Ushauri kutoka Malindi

Ukitoka ufuoni Malindi na kuingia upande wa Ganda, Jilore au Magarini, maji ya lambo ndiyo yanayonywesha mifugo na kumwagilia mboga kaskazi inapokausha visima vifupi. Nimekaa katika kamati ya kutunza lambo la kijiji kwa muda wa kutosha kuona kwamba mabishano yetu karibu yote huhusu kina cha maji na muda yatakaodumu, ilhali kinachoamua kama maji hayo yatakuwa maangavu, ya kijani au yenye kunuka ni viumbe wanaoishi ndani yake, na viumbe hao hustawi au hutoweka kulingana na jinsi tunavyolihudumia lambo lenyewe.

Anza na kinachoingia. Ng'ombe wakiachwa waingie majini huvuruga tope, hukanyaga mimea ya kingoni na kuacha samadi yenye naitrojeni na fosforasi, na virutubisho hivyo ndivyo chakula cha mwani mdogo unaoyageuza maji kuwa ya kijani. Mwani huo hutoa oksijeni mchana, lakini usiku nao huivuta, sawa na samaki na bakteria wanaoozesha samadi, hata ikifika alfajiri oksijeni iliyobaki huwa kidogo mno. Kwa hiyo ukiwakuta samaki asubuhi wakitweta juu ya maji, usikimbilie kununua dawa, bali tazama kwanza samadi inaingilia wapi. Baadhi ya mwani wa rangi ya kijani-buluu hutoa hata sumu inayoweza kuua mifugo. Dawa ya haya yote ni uzio wa miiba, hori la saruji lililojengwa chini ya tuta na kuletewa maji kwa bomba, na ukanda mpana wa nyasi usiolimwa mahali maji ya mvua yanapoingilia, ili uzuie udongo na mbolea za mashambani.

Hali ya maji hupimwa kwa kifaa cha senti chache. Angelo Secchi, padri Mwitaliano aliyekuwa pia mtaalamu wa elimu ya nyota, alijaribu mwaka 1865 kupima uangavu wa bahari kwa kushusha sahani majini, na katika mji uliozoea Waitaliano kama Malindi sioni sababu ya kumwonea haya. Sisi hutumia sahani nyeupe ya bati iliyotobolewa katikati, yenye jiwe chini yake na kamba iliyofungwa mafundo. Ishushe jua likiwa la utosi, kisha soma urefu wa kamba pale sahani inapopotea machoni. Katika bwawa la kufugia samaki lililotiwa mbolea makusudi, sentimita 25 hadi 30 ni hali nzuri, lakini katika lambo la maji ya nyumbani kipimo hicho ni dalili kwamba kuna kitu kinaingia kisichotakiwa, ama tope, ama samadi.

Sasa tuje kwenye kuchimbua tope, kazi inayopendwa na kila mfadhili kwa sababu huonekana katika picha. Ni kazi ya lazima, kwani fosforasi hujilimbikiza katika tope na hurudi majini oksijeni inapopungua chini. Hata hivyo, tope hilo ndimo zinamolala mbegu za mimea ya maji na mayai ya vijidudu vinavyokula mwani. Katika vidimbwi vya msimu vya ukanda huu wa pwani humo pia hulala mayai ya samaki wadogo wa jamii ya Nothobranchius, ambao dume lake huwa na rangi kali. Samaki hawa hufa maji yanapokauka, mayai yao yakavumilia kiangazi ndani ya udongo mkavu, na mvua ikinyesha huanguliwa na kukua upesi kabla ya ukame mwingine. Wapenzi wa samaki wa mapambo huko Ulaya huwafuga kwa uangalifu katika matangi ya kioo, nasi huwabeba kwa mikokoteni na kuwamwaga. Ushauri wangu ni kuchimbua nusu ya lambo kabla ya masika ya mwaka mmoja na kuiacha nusu ya pili kwa mwaka mwingine, na kupeleka tope shambani, kwa maana likirundikwa kingoni mvua ya kwanza italirudisha lilikotoka.

Kuhusu kupandikiza samaki, amua kwanza lambo ni la nini. Tilapia, yaani perege, huzaana upesi, huchokora chini na kula vijidudu vinavyopunguza mwani, kwa hiyo maji hubaki ya kijani. Asiletwe pia tilapia wa Nile mahali ambapo mafuriko yanaweza kumfikisha mto Sabaki, wenye perege wake wa asili, Oreochromis spilurus, kwa kuwa huweza kuzaana nao na kuipoteza mbegu ya wenyeji.

Hoja ya mbu haikosi kuzushwa, na wapo wanaopendekeza kumwaga oili chafu. Oili huua viluwiluwi vya mbu, na pia huua watoto wa kereng'ende na wadudu wengine wanaovila. Isitoshe, Anopheles gambiae, mmoja wa mbu wakuu wa malaria, hupenda vidimbwi vidogo vya muda vinavyopigwa na jua, kama nyayo za ng'ombe zilizojaa maji, ambamo hamna wa kumla. Uzio ule ule wa mifugo hupunguza basi na mazalio hayo. Kwa kichocho, ng'oeni majani mahali pa kuchotea tu, kwa sababu konokono wanaoeneza ugonjwa huo hujishikiza humo, na watoto wazuiwe kuoga na kukojoa majini. Matete na mayungiyungi ya ng'ambo ya pili yaachwe yalivyo.