Mboga za Machipuko: Shika Udongo Kabla ya Kushika Mbegu

Jua la kwanza linapopasha baada ya miezi ya baridi, mkulima hatulii. Magugu yameanza kuchungulia, ndege wamerudi, na pakiti za mbegu ziko mezani zinakungoja. Shamba langu la mboga ni dogo, robo ekari tu, na nimelilima misimu 11 sasa. Jambo ambalo natamani ningeambiwa mapema ni kwamba hewa hupata joto kwa siku moja, lakini udongo huchukua wiki kadhaa. Mbegu hazioti hewani.

Msimu wangu wa pili sikusubiri. Ilipita wiki moja ya jua, nikaingia na jembe kwenye udongo wa mfinyanzi uliokuwa bado umelowa. Uligeuka kwa mabonge makubwa, upande uliopitiwa na jembe uking'aa kama umepakwa mafuta, nami nikaona kazi inakwenda vizuri. Ukavuma upepo siku tatu, yale mabonge yakawa matofali. Niliyapondaponda, nikayamwagia maji, wapi! Hayakulainika mpaka baridi ya mwaka uliofuata ilipoyapasua yenyewe. Karoti nilizopanda pale zilitoka fupi, nyingine zina miguu miwili au mitatu, kwa sababu mzizi ukikutana na bonge gumu haupenyi, unagawanyika. Kosa la asubuhi moja likanigharimu msimu mzima.

Tangu hapo kuna kitu nafanya kabla ya kugusa jembe. Nachimba kishimo cha sentimita 10 hadi 15, nachota udongo wa kujaza kiganja, naufinya kwa nguvu, kisha nafungua mkono. Ukibaki donge linalong'aa lenye alama za vidole vyangu, narudi nyumbani. Ukishikamana lakini ukapukutika nikiusukuma kidogo kwa kidole gumba, basi uko tayari. Fanya hivyo sehemu tatu au nne za shamba. Mwangu upande wa bondeni huchelewa kukauka kwa karibu siku 10 kuliko upande wa juu, kwa hiyo ule wa juu ndio unaopokea mbegu za mwanzo kila mwaka. Na udongo ukiwa umelowa, usiukanyage hata kwa kupita tu. Tengeneza njia za kudumu kati ya matuta, miguu ibaki huko.

Kifaa cha pili ni kipimajoto cha udongo. Kichomeke sentimita 5 ardhini, usome asubuhi, siku tatu nne mfululizo. Usomaji wa mchana unadanganya. Ukiona nyuzi 5 za Selsiasi, njegere, spinachi na letusi zinaweza kuota, ila kwa mwendo wa kobe: njegere kwenye nyuzi 5 huchukua zaidi ya mwezi, ilhali kwenye nyuzi 15 huchomoza kwa siku 9 au 10. Karoti kwenye nyuzi 5 hukaa karibu siku 50, na muda wote huo mbegu iko ardhini ikiviziwa na kuvu na wadudu. Mimi karoti nazisubirisha mpaka nyuzi 10, figili pia. Maharagwe yanataka 15 na kuendelea. Mbegu ya harage ikinyonya maji baridi hupasuka ndani na kuoza. Niliwahi kufukua mstari mzima nikakuta maganda matupu yenye ute.

Usidhani siku za kusubiri ni za kukaa bure. Tuta likishakuwa tayari, lisawazishe kwa reki, kisha liache wiki mbili au tatu bila kupanda chochote. Magugu yatachipua. Yakiwa bado madogo kama uzi, pita juujuu na jembe la palizi siku ya jua, kina cha sentimita 2 tu, usije ukapandisha mbegu nyingine za magugu zilizolala chini. Ndipo upande mboga zako. Kwa karoti, ambazo hukua polepole mno na kuzidiwa na magugu upesi, hatua hii imeniokolea siku nyingi za kupiga magoti. Nikishazipanda, kwa kina kisichozidi sentimita 1, nalowesha mstari na kuufunika kwa ubao ili unyevu usipotee. Kuanzia siku ya 6 nainua ubao kila asubuhi na kuchungulia. Siku nitakayoona uzi wa kwanza wa kijani, ubao unaondoka, maana ukichelewa siku mbili miche inanyong'onyea gizani.

Matandazo, yaani majani makavu ya kufunika udongo, ninayapenda sana, lakini kwenye machipuko huyaondoa juu ya matuta ya mapema, kwa kuwa yanazuia jua lisipashe udongo. Nayarudisha joto likishatengemaa.

Kitalu kina habari yake. Nyanya nazisia ndani wiki 6 hadi 8 kabla ya kuzihamishia shambani, wala si zaidi. Ukiwahi mno, miche inarefuka na kulala, mizizi inajizungusha kwenye chombo, na mwishowe mche mdogo uliosiwa kwa wakati wake unaupita ule mkubwa. Mwanga wa dirishani mara nyingi hautoshi. Miche ikianza kuinama upande mmoja, inakuomba mwanga. Maji naipa asubuhi kupitia chini ya trei, naacha uso wa udongo ukauke kidogo, na mbegu sizibananishi. Kinyausi, ule ugonjwa unaokata mche shingoni ukaanguka ukiwa bado kijani, hupenda unyevu usiokauka na hewa isiyotembea.

Kisha komaza miche, yaani izoeshe hali ya nje. Siku ya kwanza itoe nje kwa muda wa saa mbili tu, kivulini, pasipo upepo mkali. Ongeza kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10. Mwaka mmoja niliruka hatua hii kwa kuwa nilikuwa na haraka, majani yakaungua yakawa meupe kama karatasi.

Jalidi, yaani umande ulioganda, ndiyo inayoniumiza roho zaidi. Nilipoteza miche 40 ya nyanya usiku mmoja, baada ya mchana ambao nililima nimekunja mikono ya shati. Siku hizi jioni natazama juu. Mbingu ikiwa safi bila wingu, upepo ukatulia kabisa, na baridi ikaanza kuuma mara jua linapozama, sibishani. Nalowesha udongo mapema alasiri, kwa kuwa udongo wenye maji hutunza joto kuliko mkavu, kisha nafunika miche kwa kitambaa chepesi kilichoinuliwa kwa vijiti, kingo zote zikiwa zimebanwa chini. Asubuhi nafunua. Nyanya hazitoki kitaluni mpaka usiku ubaki juu ya nyuzi 10.

Kingine: usipande pakiti yote siku moja. Figili huwa tayari kwa siku 25 hadi 30, na ukizipanda zote pamoja utavuna lundo wiki moja, kisha hakuna. Mimi napanda mstari mfupi wa figili na wa letusi kila baada ya wiki mbili. Spinachi naiwahisha kuliko zote, kwa sababu siku zikirefuka kupita saa 14 za mwanga hutupa shina la maua na majani kuwa machungu. Udongo ukishapita nyuzi 25 hivi naacha kupanda letusi, kwani mbegu zake kwenye joto hugoma kuota.

Leo asubuhi kipimajoto kimesoma nyuzi 11 upande wa juu na 8 bondeni. Njegere zimefika urefu wa kidole, na tayari nimezisimikia vijiti. Karoti ziko chini ya ubao, siku ya 4. Maharagwe bado yako kwenye bahasha.