Barua kwa mwanangu: bei ya mabati ya baba yako

Mwanangu mpendwa,

Barua yako niliisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa haraka ili nijue kama mko wazima huko Lubumbashi, na mara ya pili polepole, kwa sababu ya swali uliloliweka mwishoni. Unasema kwamba familia imekuchagua wewe useme maneno juu ya marehemu baba yako katika misa ya kumbukumbu ya miaka miwili, na kwamba kila ukishika kalamu jambo moja linakuzuia: kwa nini mwaka 2002, baada ya volkano kufunika duka letu hapa Goma, aliuza shehena yote ya mabati kwa bei ya zamani wakati wenzake walipandisha bei na kutajirika? Unauliza kama ule ulikuwa wema uliopita kiasi au ni kutojua biashara. Nitakujibu kama nilivyoyaona, kwa kuwa nilikuwepo, na kwa kuwa hakuna mtu aliyegombana naye juu ya jambo hilo kama nilivyogombana naye mimi.

Siku yenyewe unaikumbuka. Alhamisi tarehe 17 Januari Nyiragongo, mlima wetu wa volkano, ilipasuka ubavuni asubuhi, na kabla ya usiku kuingia lava ilikuwa imekwisha kuvuka uwanja wa ndege na kushuka katikati ya mji kuelekea ziwani. Sisi tulivuka mpaka kwenda Gisenyi, upande wa Rwanda, pamoja na umati wote, wewe umebeba sufuria, mimi nimembeba dada yako. Tuliporudi siku chache baadaye, ardhi ikiwa bado inatetemeka na ganda la lava likiwa na joto la kuyeyusha soli za viatu, tulikuta kanisa kuu limeungua na duka letu halipo. Halikuwa limebomoka: lilikuwa chini. Baba yako alisimama juu ya mawe yale meusi akapima kwa macho, kutoka kwenye ukuta wa jirani uliobaki, akaniambia, “Kaunta iko hapa, chini ya miguu yangu.” Hakusema neno lingine hadi jioni.

Kilichobaki mikononi mwetu ni shehena moja tu, mabati 600 ya geji 30 yaliyotoka Mombasa, ambayo yalikuwa bado ghalani Gisenyi yakisubiri karatasi za forodha zimalizike. Kabla ya volkano tulikuwa tunauza bati moja dola 6. Wiki ile ya kurudi, watu walikuwa wanalitafuta kwa dola 10 na walikuwa tayari kulipa, kwa sababu unajua mwenyewe maana ya bati hapa Goma: ardhi yetu ni mawe ya volkano yanayomeza mvua papo hapo, na asiye na paa la kukingia maji hana budi kuteremka ziwani na bidoni kila alfajiri. Mimi nilipiga hesabu usiku, kwenye kile chumba kimoja tulichoazimwa mtaa wa Himbi. Tofauti ilikuwa dola 2,400. Kwa fedha hizo tungeweza kupanga duka jingine, kununua magodoro na kulipa minervali yenu, yaani ada ya shule.

Nilimwambia hivyo, tena si kwa upole. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, “Mama watoto, mzigo huu tuliununua kwa bei gani?” Nikamtajia. “Na usafiri tulilipa kiasi gani?” Nikamtajia. “Basi lava imeniongezea gharama gani kwenye bati hili, hata nimdai mtu dola 4 zaidi?” Nilimjibu kwamba lava imetuchukulia duka. Akasema duka lilichukuliwa na mlima, halikuchukuliwa na mama wa mtaa wa Majengo ambaye naye nyumba yake imeungua, na kwamba yeye hajui njia ya kuupelekea mlima hesabu.

Hilo ndilo jibu lake, na sijawahi kumsikia akitoa jingine. Tafadhali lipime vizuri kabla ya kuliita wema. Shehena iliyofuata ilipofika, magari yalikuwa machache na wenye malori walikuwa wamepandisha nauli, basi naye alipandisha bati hadi dola 7 na nusu, akaiandika bei hiyo kwa rangi kwenye ubao, na wala hakumwomba mtu radhi. Wale wale waliomsifu mwezi uliotangulia walimnung’unikia, naye alikuwa akiwatolea karatasi ya msafirishaji ili wajisomee wenyewe. Aliamini kwamba bei ni ya bidhaa na safari yake, na kwamba shida ya mnunuzi haimo katika hesabu hiyo. Mtu aliyefundishwa biashara na shida, kama yeye aliyetoka Butembo kijana na kuanza kwa kuuza misumari juu ya gunia huko Birere, angeweza kujifunza somo lililo kinyume kabisa, na wengi tuliowajua walijifunza hilo.

Wala hakuwa mjinga. Alijua kwamba bati la bei ya chini halichelewi kufika kwa mlanguzi, kwa hiyo aliweka mpaka wa mabati 20 kwa kila nyumba, na kabla ya kuuza alikwenda kwa miguu kutazama mbao zilizosimamishwa. Hata hivyo alidanganywa. Mtu mmoja aliyemwonyesha nyumba isiyo yake alichukua mabati yake, na kesho yake nikayaona sokoni yakiuzwa dola 11. Nilirudi nyumbani nikitetemeka kwa hasira. Baba yako alikwenda sokoni, akaligonga bati moja kwa kifundo cha kidole, kama alivyozoea, maana bati jembamba hulia kama debe na bati zito hujibu kwa sauti nzito, akahakikisha kwamba ni la kwetu, akarudi. Kuanzia siku hiyo alikuwa haulizi kwa mwenye nyumba, anauliza kwa majirani wawili.

Sasa niseme juu ya kile kilicho nyuma ya swali lako, kwa maana mimi ni mama yako na nakisikia. Ulikuwa na miaka 11, na trimesta ile ulikaa nyumbani kwa sababu minervali haikupatikana, wakati watoto wa wale waliouza dola 10 walipita mbele yetu wamevaa sare. Iliniuma, na mpaka leo inaniuma. Sitakuambia kwamba baba yako alikuwa sahihi kwa upande wako, kwa sababu gharama ya uamuzi wake ulibeba wewe, na hakukuuliza. Alilijua jambo hilo. Ndiyo maana kila asubuhi alikuchukua pale alipokuwa anauzia, akakukalisha juu ya rundo la mabati, akakufundisha hesabu kati ya mnunuzi mmoja na mwingine, na kwa kuwa hatukuwa na daftari wala chaki, mlikuwa mnaandika kwa ncha ya msumari juu ya bati lenyewe. Jioni moja nilimkuta amekaa peke yake mbele ya bati hilo lililokwaruzwa. Aliniambia, “Mtoto huyu ana haki ya kunidai.” Hajawahi kukuambia wewe, nami naona ni wakati ulijue.

Mengine unayajua, na katika misa huna haja ya kuyarefusha: duka jipya alilolijenga juu ya lava, mahali pale pale, karibu mita 2 juu ya lile la kwanza, na mwezi Mei 2021, mlima ulipopasuka tena na tukaamriwa kuondoka mjini tarehe 27, jinsi alivyokataa kupanda gari hadi awalipe wafanyakazi wake watatu mshahara wa mwezi mzima.

Ninakuomba jambo moja tu. Usiseme kwamba aligawa mabati, wala usiseme kwamba aliwahurumia watu. Yeye angeinuka kitini. Sema aliyauza, na utaje bei.

Lile bati lenye mikwaruzo nalo aliliuza, akapunguza nusu dola kwa sababu halikuwa jipya tena. Aliyelinunua ni yule mama wa Majengo aliyekaa karibu na jeneza usiku wote wa kilio, ambaye wewe uliniuliza ni ndugu yetu wa upande gani. Paa lake amekwisha kulibadilisha, maana moshi wa mlima unakula mabati yetu, lakini bati hilo alilibakiza akalifanya ukuta wa jiko. Wiki iliyopita nilikwenda kulitazama. Limeshika kutu na masizi, ila ukilipangusa kwa kitambaa maandishi yanasomeka: saba mara nane, wewe uliandika 54, na yeye amepiga mstari juu yake na kuandika 56, na chini yake ameweka herufi za jina lako. Mwenyewe amekubali tupite kwake baada ya misa.

Mama yako