Unene wa ukoo hukaa kwenye shibe: ushauri kwa familia za Kigoma

Sokoni Mwanga, kwenye daladala ya Ujiji, hata kwenye benchi la kliniki, maneno ni yale yale: "Sisi kwetu ni wanene. Bibi alikuwa hivi, mama yuko hivi, mimi hata nikinywa maji nanenepa." Nusu ya maneno hayo ni kweli tupu. Nusu ya pili inawafanya watu wakate tamaa mapema, na hilo linauma kwa sababu hao ndio wangefaidika zaidi kubadili chungu chao.

Tuanze na ile nusu ya kweli. Uchunguzi wa mapacha unakadiria kwamba kati ya asilimia 40 na 70 ya tofauti za unene baina ya watu hutokana na urithi. Mwaka 1986, watafiti walichapisha matokeo ya watu wazima 540 wa Denmark waliolelewa na wazazi wasiowazaa. Unene wao ulifuata wazazi waliowazaa, si waliowalisha. Mwaka 1990, nchini Kanada, jozi 12 za mapacha wa kufanana walilishwa kalori 1,000 za ziada, siku 6 kwa wiki, kwa siku 100. Kwa wastani waliongezeka kilo 8.1. Lakini aliyeongezeka kidogo alipata kilo 4.3 na aliyeongezeka sana kilo 13.3, na kila pacha alikaribiana na mwenzake. Chakula cha ziada kilikuwa kimoja, miili haikukipokea sawa. Kwa hiyo jirani yako mwembamba anayekula kuliko wewe si mwongo, wala wewe si mlafi.

Sasa tazama upande wa pili. Tafiti za kitaifa za afya ya mama na mtoto zilikuta wanawake wa Tanzania wa umri wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi ni asilimia 11 mwaka 1991/92, na asilimia 28 mwaka 2015/16. Damu ya taifa haibadiliki ndani ya miaka 25. Kilichobadilika ni mafuta, sukari na mwendo.

Vinasaba, yaani vibeba urithi, vinavyohusiana na unene ni vingi, sehemu zaidi ya 900 zimeshatambuliwa, na kila moja huchangia kidogo. Kinachojulikana zaidi ni FTO, kilichohusishwa na unene mwaka 2007. Kati ya Wazungu waliochunguzwa, mwenye nakala mbili za aina yake ya hatari (moja ya baba, moja ya mama) alimzidi asiye nayo kwa takribani kilo 3. Kilo 3 tu! Na sehemu kubwa ya vinasaba hivi haifanyi kazi kwenye mafuta ya tumboni. Hufanya kazi kwenye ubongo, pale panapoamua njaa na shibe. Mwenye urithi huo husikia njaa mapema, shibe humfikia ikiwa imechelewa, na chakula chenye mafuta humvuta kuliko mwenzake.

Hapo ndipo ushauri wetu wote unaposimama. Kama shibe yako inachelewa, usiifanye kipimo. Kipimo kiwekwe jikoni, kabla njaa haijaingia mezani.

Mafuta kwanza, maana Kigoma ni nchi ya mawese. Mawese si adui: wekundu wake ni malighafi ambayo mwili huitumia kutengeneza vitamini A, na watoto wanaihitaji. Tatizo ni kumimina kwa jicho, dumu limeinamishwa juu ya sufuria. Kijiko kimoja cha chakula cha mililita 15 kina karibu kalori 120. Fanya jaribio hili: ukifungua chupa ya lita moja, andika tarehe juu yake kwa kalamu ya wino mzito, kisha hesabu siku hadi iishe. Lita moja ina kalori kama 8,200. Familia ya watu 5 ikiimaliza kwa siku 5, kila mmoja anakula karibu kalori 330 za mafuta kwa siku, kabla ya ugali, kabla ya andazi. Ifikishe siku 10. Hapo umepunguza kalori zaidi ya 160 kwa kila kichwa bila kumnyima mtu tonge.

Kosa tunaloliona sana ni mama kuacha mawese, akanunua alizeti kwa sababu "ni mepesi", halafu akamimina maradufu. Kwa afya ya moyo alizeti ni bora, kweli, kwani karibu nusu ya mawese ni mafuta ya aina inayopandisha lehemu ya damuni. Lakini kwa unene, gramu ya mafuta ina kalori 9, yawe mekundu au meupe. Kosa jingine ni kuchoma mawese hadi wekundu upotee. Ile faida ya vitamini imeungua, kalori zimebaki zote.

Chukua dagaa wa Kibirizi kama mfano. Dagaa mkavu akizamishwa kwenye mafuta huyanywa na kuondoka nayo hadi sahanini. Badala yake, waoshe kwa maji ya moto mara mbili mchanga utoke, wachuje, kisha wakaange bila mafuta kwenye sufuria kavu, moto mdogo, dakika 3 au 4, hadi uwasikie wakilia na harufu ya ubichi ikiisha. Weka kitunguu, nyanya 3 na nusu kikombe cha maji, funika, acha nyanya iive. Mwishoni weka vijiko 3 vya chakula vya mawese kwa watu 5, koroga, epua. Mafuta yaliyowekwa mwishoni hukaa juu na ladha yake huonekana, hivyo kidogo kinatosha. Kwa njia hii kila mtu anapata kama kalori 75 za mafuta. Kwa nusu kikombe cha mafuta tuliyozoea, ni zaidi ya 200. Sombe (kisamvu) nayo ifuate utaratibu huo huo, mafuta ya kupimwa, mwishoni.

Ugali wa muhogo unahitaji uangalifu wake. Unga wake una protini chini ya gramu 2 kwa kila gramu 100, wakati dona lina kama 8. Protini ndiyo inayoshikilia shibe kwa muda mrefu, na aliyerithi shibe ya kuchelewa anaihitaji zaidi. Changanya dona na muhogo nusu kwa nusu, na usile bila maharage, dagaa au mgebuka wa kuchoma. Tena, sinia moja la pamoja ni zuri kwa undugu ila halina kipimo: mwenye mkono mwepesi hula mara mbili bila kujua. Kila mtu amegewe bonge lake kabla ya kunawa, na mboga ijaze nusu ya sahani.

Sukari sitaisemea sana. Soda ya mililita 350 ina zaidi ya gramu 35. Vikombe vitatu vya chai, vijiko vidogo vitatu kila kimoja, ni gramu 36 au zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi 50 kwa siku, na ikiwa chini ya 25 ni bora. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2012 ulikuta kwamba kwa wanaokunywa vinywaji vya sukari kila siku, athari ya vinasaba vya unene ilikuwa karibu mara mbili ya wale wasiokunywa hata mara moja kwa mwezi. Mwenye unene wa ukoo ndiye wa kwanza kuiacha soda, si wa mwisho.

Kutembea nako kunagusa urithi wenyewe. Kati ya watu wazima zaidi ya 218,000, wenye FTO ya hatari waliokuwa wakijishughulisha, athari yake ilipungua kwa zaidi kidogo ya robo. Kigoma tuna vilima vya bure. Kutoka stesheni hadi Mwanga ni mpando wa kukutoa jasho, na bodaboda imetunyang'anya.

Usitumie hela kupima vinasaba ili uambiwe ule nini. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2018, watu 609 kwa mwaka mzima, lilionyesha kwamba vinasaba vilivyopimwa havikutabiri nani angepungua kwa kupunguza mafuta na nani kwa kupunguza wanga. Nunua futi ya fundi cherehani. Pima kiuno, katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi, usikaze tumbo. Mwanamke akifika sentimita 80, mwanamume 94, hatari ya kisukari na presha imeanza kupanda. Pima kila baada ya wiki mbili, asubuhi. Mwenye kilo 90 akipunguza 4 au 5 tu, sukari na presha huitikia. Baada ya miezi michache uzito utagoma. Mwili uliopungua huongeza njaa na kutumia kalori chache, na hapo wengi huanza kushinda na njaa mchana kisha wakala saa tatu usiku kwa kufidia. Usiruke mlo. Rudi kwenye chupa ya mafuta, utakuta kumimina kwa jicho kumerudi.

Mtoto anayenenepa kwa kasi kabla ya miaka 5, analia njaa muda mfupi baada ya kula na kutafuta chakula usiku, apelekwe kwa daktari. Kuna hitilafu adimu za kinasaba kimoja zinazoleta njaa hiyo, na hazitibiwi kwa kumkaripia. Kwa watoto wengine wa ukoo wa wanene, pakua kidogo na umruhusu aombe tena. Akisema ameshiba wakati sahani bado ina chakula, muamini, toa sahani, usimwambie amalize.