Maswali ya Wasomaji: Uwindaji wa Mbweha kwa Mbwa

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeona picha za Waingereza waliovaa makoti mekundu, wamepanda farasi nyuma ya kundi kubwa la mbwa. Je, uwindaji wa mbweha haukupigwa marufuku? Na mbwa wote wale ni wa nini?

JIBU: Ndugu msomaji, mbwa hao hutegemea pua kuliko macho. Harufu ya mbweha ikimpotea mmoja, mwingine huinasa kwenye majani mabichi na kubweka, na wenzake humkimbilia. Ndiyo maana wanahitajika wengi. Hugo Meynell wa Leicestershire, katika karne ya 18, alizalisha mbwa wenye mbio na pua kali kwa pamoja, na tangu hapo mchezo ukawa wa kasi.

Marufuku ipo. Sheria ya mwaka 2004 ilianza kutumika England na Wales tarehe 18 Februari 2005, nayo huruhusu, kwa masharti, mbwa wasiozidi wawili kumfurusha mbweha mafichoni ili apigwe risasi. Scotland ilitangulia mwaka 2002.

Yamkini uliyoyaona ni mbwa wakifuata harufu iliyotegwa, yaani kitambaa kilicholoweshwa harufu hukokotwa mashambani kabla mbwa hawajafunguliwa. Tatizo ni kwamba mbwa akikutana na harufu ya mbweha halisi huifuata, na wapinzani wanasema wapo wanaoutumia mwanya huo makusudi. Mimi naiunga mkono marufuku, kwa kuwa tume ya Lord Burns, iliyoundwa na serikali ya Uingereza kuchunguza uwindaji kwa mbwa, ilikwisha kueleza mwaka 2000 kwamba uwindaji huo unaathiri vibaya hali ya mbweha anayekimbizwa.