MUULIZE FUNDI: HiAce ya kulala porini, itafika Natron?

SWALI: Habari za kazi fundi. Nimechukua HiAce ya 1997, dizeli, foo wili, aliyekuwa nayo aliigeuza ya kambi, ina kitanda, makabati, betri ya pili, tangi la maji la lita 100 nyuma kabisa mlangoni, na hema juu ya keria. Nataka kwenda Ziwa Natron na familia, tupite Mto wa Mbu na Engaruka. Sasa mbele imelala, ikiingia shimo inagonga chuma kwa chuma. Fundi wa huku anasema anakaza tosheni baa inapanda nchi 3 na gari inakuwa ngumu. Nimwachie? – Msomaji, Arusha

JIBU: Salama ndugu. Hapana, usimwachie, sio kwa nchi 3. Tosheni baa ni fimbo ya chuma inayojisokota tairi likipanda, ukiikaza body inanyanyuka tu, ugumu wa ile fimbo unabaki ulivyo, na unachopoteza ni nafasi ya tairi kushuka, kwa hiyo ukivuka korongo tairi linaning'inia hewani halafu linatua kwa kishindo. Na kwa vile yako ni foo wili zile sivi jointi za mbele (viungio vinavyopeleka nguvu ya injini kwenye tairi) zitafanya kazi zimepinda muda wote, buti zake, yaani zile raba za kuzifunika, zitachanika, vumbi la kule litaingia na hapo umekwisha. Mimi nisingezidi nchi 1, tena ukitoka hapo moja kwa moja kwenye alaimenti, yaani kunyoosha tairi. Kabla hata ya hiyo nchi 1 angalia bushi (raba za kwenye maungio), bol jointi (viungio vya duara vya tairi za mbele) na zile raba za kuzuia kugonga, gari ya umri huo nyingi zimeshakufa na ndo maana unasikia chuma.

Halafu uzito jamani, watu hawauoni. Lita 100 za maji ni kilo 100, na umeziweka nyuma ya ekseli kabisa! Kila shimo zinazidi kuvuta mkia chini, springi za nyuma zinachoka na usukani unakuwa mwepesi. Sogeza tangi lije juu ya ekseli au mbele yake, chini kwenye sakafu, na hema la juu kama mnatosha ndani liache nyumbani maana linafanya gari iyumbe.

Barabara ile ya vumbi kuna sehemu imejikunja kama bati, hapo ndo shokapu zinapokufa, zinapanda na kushuka mfululizo mpaka mafuta ya ndani yanachemka na kutoa povu, gari inaanza kuelea barabarani. Punguza upepo kama robo hivi, yaani tairi za PSI 40 zishuke 30, nenda taratibu, na usiache pampu kwa sababu ukifika lami lazima urudishe. Baada ya mwendo kidogo simama, sogeza mkono karibu na kila shokapu bila kuishika, zitakuwa na joto zote, ukikuta moja ya baridi wakati wenzake wanaunguza basi hiyo haifanyi kazi.

Shokapu inayovuja mafuta usisafiri nayo kabisa, na ukibadilisha badilisha zote mbili za ekseli hiyo, ukiweka mpya upande mmoja gari itavuta kila ukikanyaga breki kwenye rafu rodi.