Kabla Hujaandika Barua ya Kujiuzulu

Juma lililopita, usiku wa manane, bondia mmoja kijana wa Kariobangi aliniandikia ujumbe huu: "Kocha, nimepata promota. Anasema nikiacha kazi mwezi huu atanipa pambano la raundi nane. Niandike barua?" Kijana huyu aliikosa tiketi ya Olimpiki kwa pambano moja tu, kama nilivyoikosa mimi, na ndiyo sababu niliposoma maneno yake usingizi ulinihama.

Mimi niliiandika barua hiyo. Mwaka 2012 nilikwenda Casablanca kwenye mchujo wa Afrika wa kuwania nafasi za London, nikashindwa kwa pointi mbili katika pambano ambalo hadi leo naamini nililishinda. Niliporudi Nairobi sikutaka tena kusikia habari za ngumi za ridhaa, zile zisizo za malipo. Nilikuwa nimeajiriwa katika timu ya idara moja ya serikali, nikipata mshahara kila mwisho wa mwezi, nyumba, matibabu, na ruhusa ya kufanya mazoezi asubuhi na jioni. Vyote hivyo nilivibwaga kwa karatasi moja, kwa sababu mtu mmoja mwenye gari zuri alikuwa ameniambia kwamba mikono yangu ina dola.

Pambano langu la kwanza la kulipwa lilikuwa la raundi sita, katika ukumbi mmoja wa hapa jijini. Mpinzani hakuwa na jina lolote. Hakuwahi kuvaa jezi ya taifa. Raundi tatu za mwanzo nilimchezea kama mtoto, na watu wa mtaani kwetu waliimba jina langu. Kisha kengele ya raundi ya nne ikalia. Mwili wangu ulikuwa umezoea dakika tisa, yaani raundi tatu za ridhaa, haujui kwamba kuna dakika ya kumi. Kwenye ridhaa ya wakati ule tulivaa kinga ya kichwa, na waamuzi walihesabu makonde kwa vitufe, hivyo konde jepesi lililogusa vizuri lilikuwa na thamani sawa na lile lililovunja mbavu. Mpinzani wangu hakuwa na haja ya kuhesabiwa makonde. Alikuwa ameniachia raundi tatu nichoke, akaanza kunipiga tumboni, na glavu zake za kulipwa zilikuwa nyembamba kuliko nilizozizoea. Isitoshe, tulikuwa tumepimwa uzani siku moja kabla, naye alikuwa amekula na kunywa usiku kucha, akapanda ulingoni akiwa mzito kuliko nilivyomwona kwenye mizani. Niliangushwa katika raundi ya tano. Kati ya shilingi elfu sitini nilizoahidiwa nililipwa elfu kumi na tano mkononi. Nyingine zilikuja kwa hundi iliyorudishwa na benki. Promota hakupokea simu yangu tena.

Nilipigana mapambano mengine sita, ambayo sina haja ya kuyasimulia.

Ninajua, mdogo wangu, utaniambia kwamba mimi sikuwa na medali. Basi mtazame aliyekuwa nazo. Vasyl Lomachenko wa Ukraine alitwaa dhahabu Beijing mwaka 2008 na London mwaka 2012, na rekodi yake ya ridhaa inatajwa kuwa ushindi 396 na kushindwa mara moja. Mwaka 2014, katika pambano lake la pili tu la kulipwa, alikwenda kuwania ubingwa wa dunia dhidi ya Orlando Salido wa Mexico. Salido alikuwa ameshindwa kutimiza uzani, alimkumbatia, alimbana, akampiga chini ya mkanda, naye Lomachenko akapoteza kwa uamuzi uliogawanyika, majaji wawili kwa mmoja. Alijifunza na akawa bingwa katika pambano lililofuata, lakini nyuma yake kulikuwa na promota mkubwa wa Marekani. Wewe nyuma yako kuna nani? Sugar Ray Leonard, pamoja na dhahabu yake ya Montreal ya mwaka 1976, alianza kulipwa Februari 1977 na hakutwaa ubingwa wa dunia hadi Novemba 1979. Alijengwa polepole, pambano kwa pambano. Promota wako anataka uanze na raundi nane!

Linaloniuma zaidi ni la hapa nyumbani. Marehemu baba alipenda kutusimulia jinsi Robert Wangila alivyomwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili ya fainali huko Seoul, mwaka 1988, akatuletea dhahabu ambayo hadi leo ndiyo pekee ambayo Kenya imeipata katika Olimpiki nje ya riadha. Katika michezo hiyohiyo Lennox Lewis, aliyeiwakilisha Kanada, alitwaa dhahabu, na Roy Jones wa Marekani akanyimwa yake kwa uamuzi uliolaaniwa na dunia nzima. Wote watatu waliingia ngumi za kulipwa mwaka 1989. Lewis akawa bingwa wa dunia wa uzani wa juu. Jones akatwaa mataji kuanzia uzani wa kati hadi ule wa juu, mwaka 2003. Wangila wetu alipigana ugenini, na Julai 1994, huko Las Vegas, alipambana na David Gonzales. Refa aliposimamisha pambano, Wangila alilalamika kwamba bado anaweza kuendelea. Baadaye alizirai, na hakupona. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Sisemi kwamba ngumi za kulipwa ni kaburi. Philip Waruinge, aliyepata shaba Mexico mwaka 1968 na fedha Munich mwaka 1972, alihamia Japani akapigana huko kwa malipo. Ninachosema ni kwamba usiiache kazi. Omba kwanza ruhusa kwa maandishi, uliza kama idara yako inaweza kukuachilia kwa pambano moja, uanze na raundi nne, na usiiache kazi. Dai nusu ya malipo kabla ya kupimwa uzani. Jua ni nani atakayelipia picha ya ubongo wako na nani atakayekaa hospitalini nawe usiku. Jua pia nani ana mamlaka ya kurusha taulo ili pambano lisimamishwe, kwa maana mwenye kupigwa huwa hajui kwamba amepigwa vya kutosha. Na kazi, mdogo wangu, usiiache.

Jumamosi saa tatu asubuhi nitakuwa Kaloleni, hapa Nairobi, na vijana wangu. Njoo na mkataba huo, kurasa zake zote, tuusome pamoja kabla hujatia sahihi. Barua uiache nyumbani.