"Charge = shtaki"? Mkuu, futa hiyo orodha

Ifute sasa hivi, kabla hujaendelea kusoma. Umeandika "charge = shtaki, run = kimbia, set = weka", umejaza maneno hamsini ya namna hiyo, unauliza uyakariri vipi kabla hujamaliza kutafsiri ripoti ya mwaka ya watu, na "the officer in charge" uitafsiri vipi. Halafu wachangiaji hapo juu wanakupongeza kwa bidii! Mimi nilikuwa na orodha kama hiyo. Daftari la jalada gumu, mistari nimepiga kwa rula, rangi mbili za kalamu. Lilipendeza kuliko kazi niliyoitoa.

Kazi yenyewe ilikuwa ripoti ya chama kimoja cha akiba na mikopo. Ukurasa wa nne kulikuwa na sentensi ya kawaida kabisa: "Three officers were charged with the safekeeping of members' funds." Nikachungulia daftari. Charge, shtaki. Nikaandika: "Maofisa watatu walishtakiwa kwa utunzaji wa fedha za wanachama."

Na hapo ndipo ningepona, maana nakumbuka nilisita. Mtu anashtakiwaje kwa kutunza? Aliyetunza si hupewa asante? Sentensi ilikuwa inanivuta shati kabisa. Badala ya kurudi kwenye Kiingereza nikaanza kuremba Kiswahili: nikatoa "kwa", nikaweka "kuhusiana na". "Maofisa watatu walishtakiwa kuhusiana na utunzaji wa fedha za wanachama." Ikanyooka! Hata msoma habari angeipitia bila kukwama. Na kwa kuwa ilinyooka, mhakiki wao akaipita, aliyepanga kurasa naye akaipita, ikaenda kuchapwa. Ningeiacha na ule ubovu wa mwanzo, huenda mtu angeshtuka akauliza.

Siku ya mkutano mkuu nimekaa nyuma nasubiri malipo yangu. Mzee mmoja akasimama, kidole kwenye ukurasa: "Mwenyekiti, hii kesi iko mahakama gani, na mbona wanachama hatukuambiwa?" Washtakiwa wangu watatu wako meza kuu, wanatazamana. Mama mweka hazina akachukua nakala, akasoma, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma tena, kama vile safari ya pili angekuta ameshapewa dhamana. Minong'ono ikaanza. Kuna mwanachama akataka kutoa akiba yake siku ile ile.

Nakala zikakusanywa, nyingine zikawa zimeshaondoka na watu. Gharama ya kuchapa upya ikakatwa kwenye malipo yangu, barua ya kuomba radhi nikaandika mimi, na kazi ya mwaka uliofuata akapewa mtu mwingine. Mmoja wa wale maofisa aliniuliza kama niko tayari kushtakiwa, kwa maana ile ile niliyoipenda. Leo nacheka. Siku ile nilitokea mlango wa nyuma.

Sentensi ilitaka tu: "Maofisa watatu walikabidhiwa jukumu la kutunza fedha za wanachama."

Sasa nimseme aliyenifikisha pale, simtaji. Alitufundisha kozi ya tafsiri, na kauli yake ilikuwa moja: maana ya kwanza kwenye kamusi ndiyo maana mama, nyingine ni watoto, zitakuja zenyewe. Uongo mtupu! Kuna kamusi, Oxford English Dictionary ikiwemo, zinazopanga maana kwa umri: ya kwanza ndiyo kongwe, na inaweza kuwa imeshazikwa zamani. Kamusi za wanafunzi wa lugha ndizo hutanguliza inayotumika sana. Yeye alituambia tuchukue ya juu, kamusi yoyote, tusonge mbele. Nilipomweleza yaliyonikuta akajibu, "Ulipaswa kuangalia muktadha." Muktadha! Miezi yote ile hakulitamka hilo neno, leo nimezama ndiyo ananionyesha boya.

Kwa hiyo sheria yangu ni hii, ibandike ukutani: usiandike neno lolote la Kiswahili kwa ajili ya "charge" mpaka ujue ni mzigo gani na nani kabebeshwa. Siyo ushairi huo, ndiyo asili yake. Limetoka kwenye Kifaransa cha kale, charger, yaani kupakia, na nyuma yake kuna Kilatini carrus, gari la kubebea mizigo. "Cargo" ni ndugu yake. Simu unaibebesha umeme, unaichaji. Mteja unambebesha gharama, unamtoza. Mtuhumiwa anabebeshwa kosa, anashtakiwa. Ofisa anabebeshwa kazi, anakabidhiwa. Nyumba ikiwekewa "charge" ili mwenyewe apate mkopo, imebeba deni, imekuwa dhamana. Jaji wa Marekani aki-"charge the jury" hajawashtaki wazee wa watu, anawapa maelekezo kabla hawajaenda kujadili uamuzi. Na yaya "with her charges" hatembei na bei zake wala kesi zake, ni watoto aliokabidhiwa kuwalea.

Ona "charged with", mtego ulioninasa mimi. Kihusishi ni kile kile, kwa hiyo hakikusaidii. Tazama kinachokuja baada yake: "charged with theft", hilo ni kosa, ameshtakiwa. "Charged with training new staff", hiyo ni kazi, amekabidhiwa. Tena wapo wanaoandika "charged with managing the fund" na "charged with mismanaging the fund" ndani ya ripoti moja. Herufi tatu tu zinaamua nani anaenda ofisini na nani anaenda kizimbani.

"In charge of" na "in the charge of" nazo ni balaa. "The nurse in charge of the patient" ni muuguzi anayemsimamia mgonjwa. "The patient in the charge of the nurse" ni mgonjwa aliye chini ya uangalizi wa muuguzi. Hicho ki-"the" ukikiruka, mgonjwa anageuka bosi wa wodi.

Wapanda farasi wa Uingereza waliofanya "charge" kule Balaclava mwaka 1854 walishambulia, hawakumtoza mtu. Kikosi chenyewe kiliitwa Light Brigade, yaani brigedi nyepesi, na kwa orodha yangu ya zamani ningeandika nimechaji brigedi ya taa.

Kuhusu kukariri: mhariri mmoja wa hiyo kamusi ya Oxford, Peter Gilliver, alifikisha maana 645 za kitenzi "run" peke yake, na kazi ilimchukua miezi tisa. Wewe umeweka "kimbia" ukapiga mstari chini. "Run a bath", mtu anajaza maji ya kuoga. "Run a company", anaendesha kampuni. Nani anakimbia hapo?

Ile sentensi yako ya "the officer in charge" ilete nzima, pamoja na inayoitangulia na inayoifuata, usituletee neno moja likiwa uchi. Na ile "members are served free of charge" uliyoigeuza kuwa "wanachama wanahudumiwa wakiwa huru bila mashtaka"... mkuu, hiyo ni BURE. Wanahudumiwa bure. Kama umeshawatumia ripoti, usiandike barua pepe, piga simu, waambie wasichape.